Ubeleko

Shinuna, kaa. Zima hiyo televisheni.
Sifi leo. Daktari kasema figo zimechoka,
hakusema lini zitalala.
Lete daftari, lile la buluu, na kalamu inayoandika.

Miaka ishirini na sita nilivaa viatu vyeupe hospitali ya Ibra,
na kilichokuwa kikininyima usingizi si maiti.
Ni simu ya maiti,
ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kilemba na miwani,
inalia, inalia, kioo kinaandika Nyumbani,
na mie nimesimama sina ruhusa ya kuipokea.
Mara moja nilimwona kijana kainua simu,
kaielekeza usoni kwa babake ipate kufunguka.
Babake alikuwa keshafumbwa macho.
Haikufunguka.
Msinifanyie.

Kwa hiyo andika.

Benki: kibatari, kisha mwaka aliozaliwa Mundhir.
Umeme na maji: namba nimeibandika nyuma ya mlango wa jiko.
Msingoje wakate, wageni wa matanga watataka kunawa.
Faili liitwalo Mapishi si mapishi.
Nani katika nyumba hii angefungua mapishi?
Ni madeni. Riali kumi na nane za Bi Ghania wa vitambaa,
hizo mlipe kabla sijafukiwa.
Mia mbili ninazomdai mjomba wako, mwachieni,
ila mwambieni nilikuwa nazo kwa maandishi.

Kikundi cha wauguzi wastaafu:
wape habari mara moja, kisha nitoe.
Usiniache mle natumiwa mawaridi kila Ijumaa
na mie sijibu.
Watasema najivuna.

Picha, anasema Mundhir, ziko kwenye wingu.
Nilicheka. Wingu hapa tunalijua:
likitanda juu ya jabali tunakimbia kutoa magari wadini.
Mwaka ule liliondoka na mbuzi saba
na ukuta mzima wa shamba la baba yako.
Basi nimenakili tena kwenye kidude hiki, kidogo kama kucha,
nimekitia ndani ya kopo la mdalasini.
Kikinukia usishangae.

Kuna faili moja halina jina.
Lifute bila ya kulifungua.

Najua utalifungua. Umenitoka mimi.
Basi liwe usiku, na uwe peke yako.
Ni baba yako anakoroma, dakika kumi na moja.
Nilimrekodi nimkomeshe ubishi, maana alikuwa akiapa hakoromi.
Nikasema nitamsikilizisha siku ya Idi, watu wote wapo.
Idi ikafika kabla yake hajafika.
Dakika ya tisa ananyamaza kidogo.
Usishtuke. Anageuka tu.

Sasa neno la kufungulia picha.
Nilichagua la Kiswahili, mwizi wa hapa asilipate.
Kumbe na wewe hulipati.
Ni kile kitambaa nilichokufungia mgongoni
wiki tuliyohamia nyumba hii, ndoo mkono huu na huu,
ngazi hazijatiwa saruji,
shavu lako limebanwa hapa, baina ya mabega,
unanidondoshea mate mpaka kiunoni.
Mamangu alikuja nacho kutoka Wete, chini kabisa ya sanduku,
juu yake kaweka vitu vya thamani.

Chapa nione.

Hapana. Umeandika ubiliku.
Mnaandika kama mnaogopa kufungua mdomo.
Mna e mbili humo, mwanangu, na o imekaa mwisho kama kifundo.
Tena.

Neno si sahihi. Umebakiwa na mara mbili.

Weka simu chini kwanza. Usikimbilie.
Litamke.
Mie nipo, sendi popote usiku huu.